Namba ya Kwenye Karatasi ya Sabuni

Kama umewahi kufua kwa sabuni ya bluu, basi namba ya kiwanda umeshaishika mkononi bila kujua. Iko nyuma ya karatasi, chini kabisa, kwa herufi za kumtesa hata mwenye macho mazima: "Una maoni? Tupigie." Wengi hawapigi. Mtu akishaufungua mche wake, karatasi anawashia moto, yakaisha. Lakini wapo wanaopiga, na wakipiga wanampata Dada wa Simu.

Dada mwenyewe si dada tena, tuseme ukweli. Mvi zimemjaa, magoti yanalia akipanda ngazi, na wasichana wa mashine ya kufungia angeweza kuwazaa wote. Jina alipewa siku alipoajiriwa, akiwa bado mbichi, na kiwanda kizima kikaling'ang'ania. Hata Bosi anamwita Dada, na Bosi mwenyewe ni mtu wa kuamkiwa shikamoo, mwenye wajukuu.

Chumba chake kiko mwisho wa korido, kati ya stoo ya mapipa ya manukato na choo cha ofisini, kwa hiyo pua yake ilishastaafu. Kuna meza, kiti chenye mto alioushona mwenyewe, simu ya mistari miwili, na vile vidude vya masikioni vilivyofungwa kwa uzi wa kushonea, kwa kuwa fundi wa kiwanda kila akiambiwa husema kesho. Dirishani unaona uwanja wa kukaushia sabuni na vijana wanaosukuma matoroli. Hapo ndipo alipokaa miaka yote akisikiliza malalamiko ya watu. Sabuni haitoi povu. Sabuni imenibabua vidole. Sabuni imechujua shati la mume wangu, na shati lenyewe la harusi!

Alikuwa na swali moja alilomwuliza kila mpigaji kabla hajaanza kumpa pole. "Samahani, hiyo sabuni ukiinusa inanukiaje?" Karatasi imechorwa limau kubwa, tena lina jani. Lakini limau liliondolewa kwenye mchanganyiko zamani sana, likabaki kwenye mchoro tu, na mtu yeyote aliyewahi kuitia majini sabuni ya bluu atakwambia inanuka dawa, ile harufu ya wodini. Akisema dawa, ni mteja. Akisema limau, amesoma karatasi dukani, au amepiga simu kupoteza muda wa wenzake. Ofisi nzima ililijua swali hilo na kulicheka. Bosi mwenyewe alikuwa akipita mlangoni anachungulia: "Dada, leo malimau mangapi?"

Sasa, kazi ya kuongea inachosha kuliko watu wanavyodhani. Eti anakaa tu, anapokea simu! Kakae wewe. Uwe mpole kwa mtu anayekutukana, umalize, uvute pumzi, uwe mpole tena kwa mwingine kana kwamba ndio kwanza umeamka. Jioni Dada alirudi nyumbani sauti imekauka, koo linawasha, hana hamu ya neno hata moja. Akitaka kitu anaonyesha kwa kidole. Akiulizwa anatikisa kichwa.

Na hapo ndipo shida ilipokaa, kwa sababu nyumbani alikuwa akiishi na baba yake, na baba yake haoni.

Mzee alikuwa dereva wa greda. Alichonga barabara mpaka alipostaafu, halafu presha ya macho ikaja polepole, jicho moja, kisha la pili, na madaktari wakamwambia pole. Mtu aliyezoea kukaa juu ya chuma kinachonguruma, akawekwa kwenye kiti cha kamba barazani. Binti anarudi jioni, anatikisa kichwa, na Mzee hakioni hicho kichwa. Anauliza, "Umerudi?" Binti anaitikia, "Mmh." Anauliza, "Kazini vipi?" Binti anasema, "Kazi tu, Baba." Chakula kinaletwa, kinaliwa, vyombo vinatolewa. Hawakuwa wamegombana. Ilikuwa uchovu tu, ukakaa ukawa desturi ya nyumba.

Kilichomweka Mzee mjini kilikuwa redio. Tena si redio nzima, ni kipindi kimoja cha asubuhi, na mtangazaji wake mmoja ambaye watu walimbatiza Mchokonozi. Huyo bwana alikuwa na sauti nzito, tamu, ya kukufanya uache kunywa chai umsikilize, na domo lisilo na breki. Leo anawachamba walimu, kesho manesi, keshokutwa wachungaji. Anapigiwa simu, anabishana, anamkatia mtu katikati ya sentensi na kumpigia kengele. Watu wanamchukia, wanamsikiliza. Na kila baada ya muda unasikia: kipindi hiki kinaletwa kwenu na sabuni ya bluu!

Mzee alikuwa msikilizaji wake wa damu. Simu yake ilikuwa na kitufe kimoja cha kubonyeza kwa muda, inaita studio moja kwa moja. Kila asubuhi Mchokonozi alikuwa akisema, "Jenerali yuko kitini?" Na Mzee barazani, amekaa wima, anajibu, "Yupo!" "Nchi iko salama?" "Iko salama, ukinyamaza wewe!" Studio nzima inavunjika mbavu. Ni hayo tu. Lakini Mzee alikuwa akinyoa ndevu kwa ajili ya hayo. Sokoni watu walimpa binti yake salamu za Jenerali. Mtu asiyeona, aliyesahauliwa hata na wale aliochonga nao barabara, ana cheo kila asubuhi!

Alikuwa na mwenzake wa kusikiliza, mjukuu wake. Mdogo wake Dada ana binti ambaye nyumbani wanamwita Bibie, kwa vile anavyopenda kuamrisha. Bibie alizaliwa kwa shida, mwili haumtii vizuri. Anatembea kwa kushika kuta, maneno yanamtoka kwa kuvutwa, na mate humtoka bila ruhusa. Shule zilimkataa, moja baada ya nyingine, kwa tabasamu na pole nyingi. Kwa hiyo kila asubuhi mama yake, kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha kusuka nywele, alikuwa akimpitisha kwa babu yake. Na Mzee, kwa kuwa haoni, hayo mate hakuwahi kuyaona. Alisikia maneno tu, na aliyaelewa yote. Bibie anaulizwa na watu wengine, "Unasema? Unasemaje?" mpaka anakasirika. Babu yake hajawahi kumwuliza. Wanaitana mke na mume, wanagombea kikombe kikubwa cha chai, na Bibie ndiye aliyekuwa akimletea simu: "Mume wangu, muda wako!"

Ikatokea wazazi wenye watoto kama Bibie wakaandika barua kwa wakubwa wa elimu, wakiomba shule za mtaani ziwapokee watoto wao. Barua ya adabu kabisa. Mchokonozi akaipata, akaisoma hewani asubuhi moja, huku akiigiza sauti ya kilio. Dada alikuwa mlangoni anafunga kandambili kwenye mfuko, amevaa viatu vya kazini, anataka kutoka. Akasikia.

"Mtoto hajui kumeza mate yake, mnataka akameze hesabu?" sauti ikasema. "Mwalimu ashike chaki mkono huu, kitambaa mkono huu? Wafungieni ndani hao, mtupumzishe!" Kengele ikapigwa.

Na Mzee akacheka.

Nikwambie, hakucheka kwa ubaya. Kilikuwa kicheko cha mazoea, kile kinachotoka kengele ikilia, kabla mtu hajajua anachekea nini. Lakini kilitoka, kikubwa, cha kifuani. Bibie alikuwa mkekani miguuni pake. Aliinua uso akasema, kwa kuvuta kila neno, "Babu, anasema mimi?"

Mzee akajitia hamnazo. Akapapasa redio, akaongeza sauti.

Dada aliyaona hayo kwa macho yake mawili, na hakusema kitu. Alikuwa amechelewa. Alimfuta Bibie mdomo, akambusu utosini, akaenda kazini na moyo mzito. Bibie ndiye aliyemweleza mama yake jioni, kwa hayo maneno yake ya kuvuta. Kuanzia kesho yake hakuletwa tena. Mama yake alimkalisha kwenye stuli kibandani, katikati ya nywele na mafuta, na alipoulizwa alijibu, "Kwa Baba? Akafanye nini, akachekwe?"

Basi. Wiki haikuisha, simu zikaanza.

Aliyezianzisha alikuwa fundi cherehani mmoja, mama wa kijana wa aina ya Bibie, na wote wakamwita Mama Cherehani. Mwanamke huyo hakuandamana wala hakurusha jiwe. Alikaa na wenzake wakasikiliza kile kipindi mwanzo mpaka mwisho, wakakariri kila anayekilipia. Godoro fulani. Mabasi fulani. Sabuni ya bluu. Halafu wakagawana maduka. Unaingia dukani, unaagiza vitu vyako, muuzaji anapanga vyote kaunta pamoja na mche wa bluu, na hapo, mbele ya foleni, unausukuma ule mche nyuma kwa kidole kimoja. "Huu rudisha. Huu unamlipa yule anayemtukana mwanangu." Unalipia vingine, unaondoka. Anaingia mwenzako. Muuzaji mwenye akili akiona hivyo mara kwa mara, mwenyewe anauficha chini ya meza. Na ukifika nyumbani, ile karatasi ya mche wa mwisho ulioubakiza, unaisoma ile namba ya chini, unapiga.

Jamani, walipiga! Mstari wa kwanza unalia, wa pili unalia. Dada anauliza swali lake kwa mazoea, "Inanukiaje, mama?" na anajibiwa, "Dawa! Inanuka dawa, na nimeifulia nepi za mwanangu tangu kuzaliwa, na sasa ana ndevu na bado namfulia, kwa hiyo usiniulize mimi kama naijua sabuni yenu!" Mwingine alilia tu. Mwingine, bibi wa sauti ndogo, aliomba radhi kwanza kwa usumbufu, akasema amehamia sabuni nyingine inayomkwaruza mikono, lakini atavumilia. Dada aliitikia, alisema asante kwa kutupigia, ujumbe umefika. Alikuwa akitaka kusema, mama, hata mimi ninaye mmoja nyumbani. Hakusema. Kazini mtu anajikaza kisabuni, hasa mahali penyewe kiwanda cha sabuni.

Godoro likajitoa. Mabasi yakajitoa. Mchokonozi akaona maji yanakaribia shingo, akaja juu hewani. "Wapenzi wasikilizaji, kuna vimama vinataka kunifunga mdomo! Wamebaki ndugu zetu wa sabuni ya bluu. Wapigieni! Waambieni nyinyi ndio wanunuzi!" Akaisoma ile namba ya karatasi, tena taratibu, mara mbili.

Siku hiyo Dada hakuinuka kwenda hata msalani. Wanaume, vijana, wazee, wote wamechemka. "Mkimwondoa hatununui tena!" Anauliza, "Samahani, bwana, inanukiaje?" Kimya kidogo, karatasi inachakarishwa. "Limau." Mwingine: "Limau, si mmechora?" Mwingine: "Hayo mwulize mke wangu, mimi nimeambiwa nipige." Malimau mpaka akataka kucheka, ila koo lilimuuma.

Jioni hiyo Mzee alimngoja. Hakuwasha redio. Alisikia kandambili zinaburutwa, akasema, "Kaa."

Dada akakaa.

"Mimi sikupiga," Mzee akasema. "Wamepiga wote, Jenerali hajapiga. Nimesema, mtu wangu mwenyewe yuko ndani, nipige kelele za nini? Wanasema sabuni ikijitoa kipindi kimekufa. Ni kweli?"

"Wanasema hivyo, Baba."

"Na wewe hapo wanakusikiliza?"

Dada alifikiri. "Kidogo."

"Basi waambie." Alinyoosha mkono akaupata mkono wa binti yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. "Mimi sijakuomba kitu tangu nipofuke. Umenipa chakula, umenipa nguo safi. Lakini mtu haongei na nguo. Usiniondolee yule, mama. Asubuhi ni ndefu hapa."

Dada alitaka kumwambia: na Bibie, asubuhi yake fupi? Alitaka kumwambia: ulicheka, Baba. Lakini sauti ilikuwa imeishia kwa watu wa limau, na hasira nayo inataka nguvu. Akaubana mkono wa baba yake, akautoa, akaenda kupika. Alijisikia mtu mwovu, na alikuwa hajafanya lolote bado.

Siku ya pili yake akaitwa juu. Bosi amekaa, macho mekundu, maana mauzo yalikuwa yameporomoka na wenye maduka walikuwa wakimpigia yeye binafsi. Pembeni yake bwana wa masoko, ambaye vijana wa matoroli wanamwita Tai kwa sababu haivui hata kwenye joto la kupasua fuvu. Tai ndiye aliyeleta wazo la kumdhamini Mchokonozi, na alilipenda kama mwanawe.

"Bosi, haya ni makelele ya wachache," Tai alikuwa akisema. "Wanaopiga kumtetea ni wengi zaidi. Tukijitoa tunawaudhi wengi."

"Wengi wa nini?" Bosi akauliza. "Wengi wa kupiga simu, au wengi wa kufua?" Akamgeukia Dada. "Hebu tuambie. Wewe ndiye unayewasikia. Hao akina mama ni wateja, au kelele?"

Feni inazunguka. Tai alimtazama Dada kwa upole kabisa, akamtikisia kichwa kidogo, kama mtu anayemfungulia mlango. Neno moja tu lilitakiwa. Kelele. Wala hakuna ambaye angekuja kukagua, hizo simu hazirekodiwi, Dada ndiye rekodi. Aseme kelele, Mzee anyoe ndevu kesho, aulizwe kama yuko kitini, ajibu yupo. Dada alimwona baba yake kabisa, na kidevu chake kilichoinuliwa. Akaomba maji. Akanywa polepole, mpaka Bosi akatazama saa.

"Ni wateja," akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Wote wanasema dawa."

"Na hao wengine?"

"Limau, Bosi."

Bosi hakucheka safari hii. Alijifuta uso kwa kiganja, akasema, "Haya. Tai, andika barua, tunajitoa." Tai akaguna, akaandika. Wala hakumkasirikia Dada. Kwenye ngazi alimwambia tu, "Dada, umenimaliza," kama mtu aliyefungwa kwenye karata.

Dada alirudi chumbani kwake akakaa kwenye ule mto, akalia. Hakulia kwa kuwa amekosea. Alijua hakukosea, na bado alijisikia amempiga baba yake kofi usoni. Mstari wa kwanza ukalia. Akafuta pua, akapokea.

Kipindi kilidumu siku chache, kikasimamishwa. Pale pake wakaweka muziki. Watu walisema Mchokonozi kapata kituo kingine mbali huko, tena kwa mshahara mzuri, ila masafa yake hayafiki mitaa ile. Ndivyo ilivyo, mtu wa domo hakosi pa kuliweka. Mama Cherehani alipiga kushukuru. Dada alitegemea kusikia shangwe, lakini alisikia mtu aliyechoka kama yeye.

"Tumemtoa," alisema Mama Cherehani. "Nimeacha nguo za watu hazijashonwa, nimezunguka maduka mpaka miguu imevimba. Asante mwanangu. Mimi na wewe tukapumzike."

"Na shule, mama? Wamempokea kijana?"

"Shule?" Kukawa na mlio wa mkasi ukiwekwa mezani. "Shule bado, mwanangu. Yule tumemtoa redioni tu. Kijana yuko hapa, ananishikia vifungo."

Nyumbani Dada alimwambia baba yake ukweli mwenyewe, kabla hajausikia kwa mwingine. Alisimama mbele ya kiti cha kamba, begi bado begani. "Baba, niliulizwa. Ni mimi niliyesema." Alisubiri kutukanwa, maana matusi yangemsaidia. Mzee akasema, "Chakula kiko tayari?" na hapo ndipo mambo yalipoishia, siku ile na zilizofuata. Hata lile "Umerudi?" aliliacha. Ndevu zikaota. Redio ilikaa dirishani imezimwa, na asubuhi Dada akitoka alimwacha baba yake ameukazia macho ukuta ambao haoni. Jirani aliyekuwa akimpelekea chai alisema Mzee haongei naye pia. Dada alikuwa akitembea kwenda kazini akihesabu makosa yake, na kila siku alikuta ni lile lile moja la kweli alilolisema, akachoka zaidi.

Asubuhi moja, simu zikiwa zimetulia, watu wamerudi kwenye povu na mashati, mstari wa kwanza ukaita. Dada akavaa vidude vyake.

"Sabuni ya bluu, habari za asubuhi, nikusaidie nini?"

Upande wa pili mtu akasafisha koo. "Nataka kutoa malalamiko," sauti ikasema. "Namba nimesomewa na jirani, kwenye karatasi."

Dada akashika meza. Ilikuwa sauti ya baba yake, lakini ile aliyoivaa kwa ajili ya redio, imenyooka, imetiwa kifua. Mzee alijua anaongea na nani, hilo halina ubishi. Nani asiyeijua sauti ya mtoto wake? Lakini alikuwa amepiga kama mteja, na Dada akaona ampokee kama mteja.

"Karibu, Mzee. Nakusikiliza."

"Mmekiondoa kipindi changu."

"Ni kweli, Mzee. Tulijitoa."

"Hamkuniuliza."

"Hatukukuuliza. Pole sana."

"Pole haiongei," Mzee akasema. "Mimi nakaa hapa asubuhi nzima. Mwanangu ana kazi, akirudi amechoka, simlaumu. Maneno yote anawamalizia watu wa nje. Nilikuwa naye yule wa redio, mkamwondoa." Alipumua kwa nguvu. Dada alikuwa akisikia kwa nyuma kuku wa jirani, na mlango wao wenyewe wa bati ukigongwa na upepo. "Na kuna jambo la pili."

"Sema, Mzee."

"Kulikuwa na mtoto. Mjukuu. Tulikuwa tunakunywa chai hapa. Ananiita mume wake. Naye haji tena." Sauti ya redio ilikuwa imemporomoka, imebaki ya mzee tu. "Hilo nalo mmeliondoa nyinyi?"

Dada alifumba macho.

"Hapana, Mzee," akasema. "Hilo hatukuliondoa sisi."

Alidhani amekata. Halafu akamsikia anameza mate.

"Najua," Mzee akasema. "Aliniuliza kama ni yeye. Nikaongeza sauti."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Dada mpaka kwenye uzi wa vile vidude, na hakuyafuta, maana alihofia akisogea baba yake atasikia na kuacha.

"Mama yake atapokea nikimpigia?" Mzee akauliza.

"Sijui. Anaweza akakukatia. Jaribu tena."

"Mmh." Akakohoa, akajikusanya. "Na wewe binti wa sabuni, kesho nikipiga, utapokea wewe?"

"Nitapokea mimi, Baba," akasema. Mstari wa pili ukaanza kuita, akauacha uite.